Namba Iliyo Nyuma ya Karatasi

Ndugu zangu mnaochuma chai kuanzia Sosiot hadi Bomet, nawaandikia habari ya nyumba yangu. Wengine wenu mlikuwepo. Mlisimama kwenye banda la kupimia majani mkaona yote, na baadhi yenu mlicheka. Siandiki ili niwashtaki, maana mkosaji wa kwanza ni mimi. Naandika kwa sababu mwaka unakaribia kuisha, nimeanza kusahau sauti ya mke wangu, na sitaki kusahau kilichomwondoa.

Kabla ya uchaguzi ule, asubuhi zetu zilikuwa za amani. Mke wangu Chepchirchir alikamua ng'ombe wetu wawili, mimi nikapeleka maziwa barabarani, na umande ulipopungua tuliingia shambani pamoja, yeye mstari wake na mimi wangu. Alichuma kwa mikono miwili bila kuitazama. Mimi nilipochukua jani la tatu aliniona hata akiwa amenipa mgongo.

"Baba Nelvine, hilo ni la kulisha mbuzi," alisema. "Majani mawili na chipukizi. Si ulisoma hesabu mpaka kidato cha nne?"

Nelvine ni binti yetu, anasomea ualimu. Alipoenda chuoni, nilimgawia mama yake miche mia nne ya chai iandikishwe kwa jina lake, ili naye awe mkulima mwenye namba. Akapewa namba mia mbili kumi na nne.

Msomaji, kama hutoki kwenye chai, ngoja nikueleze. Kwetu namba ya chai ni jina la pili. Karani anapopima majani hamwiti mke wangu Chepchirchir wala mimi Seth, huita namba, na watu wote kwenye foleni husikia. Ukisikia namba hizo wiki baada ya wiki kwa miaka, zinakaa kichwani. Naweza kukutana na mtu sokoni nikasahau jina lake, lakini namba yake siisahau. Wanawake husalimiana nazo kwa utani: "Mia mbili kumi na nne, umeamkaje?" Shika jambo hili, kwa sababu ndilo lililotuua.

Mwaka jana tulichagua mwenyekiti wa kituo chetu cha kununulia chai. Kaka yangu Nicholas, mzaliwa wa kwanza wa baba yetu, alikuwa amekikalia kiti hicho miaka tisa. Aliyempinga alikuwa Beldina Aoko. Baba yake alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi katika kiwanda cha chai, na Beldina akazaliwa hapa hapa, akaolewa na mtu wetu, akabaki mjane na shamba lake la chai. Anazungumza Kikipsigis, lugha yetu, vizuri kuliko watoto wetu. Alipokuwa anatupikia kwenye matanga tulimwita "mke wa marehemu". Siku aliyotangaza kwamba anataka kiti, alianza kuitwa "yule Mjaluo". Nami nilimwita hivyo.

Beldina hakuahidi mengi. Aliahidi paa. Banda letu lilifunika mizani na meza tu, na wanawake walisimama nje kwenye mvua, majani mgongoni, wakingoja lori. Nicholas aliahidi paa hilo katika kila mkutano kwa miaka tisa.

Wiki moja kabla ya kura, Nicholas aliita ukoo wote nyumbani kwake. Mke wake Rodah alileta mursik, maziwa yetu yaliyolala kwenye kibuyu, na kaka akasema, "Anayekunywa haya, kura yake imeshapigwa." Kibuyu kikapita mkono kwa mkono. Chepchirchir naye akanywa. Nani angekataa kibuyu cha shemeji yake mbele ya wazee?

Kulikuwa na shida moja ya zamani. Katika uchaguzi uliotangulia watu wengine walipiga kura mara mbili. Safari hii tulikubaliana kwamba kila karatasi iandikwe namba ya mkulima upande wa nyuma, kura zihesabiwe uso ukiwa juu, kisha karatasi zote zichomwe mbele ya watu. Mimi nilikuwa wakala wa Nicholas. Jumamosi, asubuhi ya kura, ndimi niliyesimama juu ya kreti nikawatuliza akina mama.

"Msiogope hiyo namba," nilisema. "Hakuna atakayegeuza karatasi. Zitachomwa. Kila mtu achague kwa moyo wake."

Chepchirchir alikuwa mstari wa mbele. Aliniangalia akatikisa kichwa kukubali. Niliyasema mimi, kwa kinywa changu.

Zilipohesabiwa, Beldina alipata kura mia moja thelathini na moja, Nicholas mia moja ishirini na saba. Tofauti ya kura nne. Kaka hakuamini, na mimi sikuamini. Kwa nini tushindwe, ilhali ukoo mzima ulikunywa maziwa? Tulizuia karatasi zisichomwe. Sanduku likafungwa, na Jumatatu tulifika kituoni na kelele.

"Kura ni zetu!" nilisema mbele ya umati. "Zitolewe nje, kila mkulima azione kwa macho yake!"

Hata leo sioni kosa katika maneno hayo. Watu wana haki ya kuona kura zao zikihesabiwa upya. Kosa lilikuja baada ya hapo.

Karani wetu alikuwa Phelix Owiti, kijana mpole wa kutoka Nyakach, hodari wa mizani. Alinivuta kando, sanduku likiwa kwapani mwake.

"Mzee Seth, zioneni, sikatai. Lakini hizi karatasi zina namba nyuma. Nipeni mpaka kesho. Wewe uwepo, wakala wa Mama Beldina awepo, tukate kile kipande chenye namba mbele yenu wote. Halafu mzihesabu hata mara kumi."

"Ukate?" nikamwuliza. "Ili ubadilishe ngapi?"

"Utakuwa umekaa hapo unaniona, mzee. Makasi utashika wewe."

"Wewe na yule mama mnatoka ziwa moja. Weka sanduku mezani."

"Mzee, hizi namba watu wanazijua kwa kichwa. Kutakuwa na ubaya."

"Anayeogopa kuonekana ameiba," nilimwambia. Watu wakapiga makofi.

Basi karatasi zikamwagwa kwenye meza ile tunayochambulia majani. Tukazihesabu uso ukiwa juu. Mia moja thelathini na moja, mia moja ishirini na saba. Hakuna kura iliyoibwa. Kama tungeondoka wakati ule, mke wangu angekuwa jikoni sasa hivi.

Lakini tulikuwa tumekuja kutafuta mwizi, na mtu aliyekuja kutafuta mwizi haondoki mikono mitupu. Rodah alinyoosha mkono kwenye fungu la Beldina, akageuza karatasi ya juu. Kisha ya pili. Ya tatu akaiinua hewani, akaita kwa sauti ya karani wakati wa kupima:

"Mia mbili kumi na nne!"

Watu wote waligeuka. Chepchirchir alikuwa kwenye foleni, kikapu mgongoni. Kwa mazoea ya miaka alipiga hatua moja mbele, kama mtu aliyeitwa apime. Kisha akasimama.

"Si ni yako, dada?" Rodah alimwuliza. "Njoo uichukue basi. Imepimwa, imepatikana nyepesi!"

Watu wakacheka. Nicholas hakucheka. Alinitazama mimi, si yeye.

"Seth. Mke wako amekunywa maziwa yangu, akaenda kuyatapika kwa Mjaluo."

Mikono kumi ikaingia mezani kugeuza karatasi. Mzee mmoja aliona namba yake akaapa kwamba kuna mtu aliyeandika vibaya. Mama mmoja alikimbia akaacha majani yake chini. Phelix alitupa gunia juu ya meza akalilalia, akilia, "Wazee, tulikubaliana! Hii si ya kusoma!" Wakamvuta shati wakamtoa. Kufikia saa sita picha za karatasi zilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kituo. Ya mke wangu ilikuwa ya kwanza, alama ya kalamu upande mmoja, namba upande wa pili.

Nyumbani nilimkuta akipepeta mahindi.

"Umeniaibisha," nilisema.

"Nilipiga kura yangu. Wewe ulipiga yako."

"Yangu inajulikana!"

"Yako ulitaka ijulikane," alisema. "Mimi sikutaka."

Sikumpiga. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kujisifu kwa hilo. Lakini nilinyamaza. Nilikula bila kumtazama, na shambani nilihamia mstari wa mbali. Kuna nyumba nyingi ambazo mtu hapigwi, na bado haponi.

Kamati mpya ilikuwa iingie kazini baada ya mwezi mmoja. Mwezi huo kituo kilibaki mikononi mwa Nicholas. Phelix aliondolewa kwenye mizani, akawekwa mtu wa ukoo. Chepchirchir alipofika mapema, wanawake walimsukuma.

"Mia mbili kumi na nne, rudi nyuma," Rodah alisema. "Ngoja huko mwisho. Paa lako bado linajengwa."

Alisimama mwisho kwenye mvua hadi lori likajaa likaondoka. Majani ya chai hayangoji, ndugu. Yakilala kwenye kikapu yanapata joto, yanageuka mekundu, na kesho yake hakuna anayeyataka. Aliyamwaga chini ya migomba. Siku iliyofuata ya kupima ikawa hivyo hivyo. Beldina alikuja kusimama naye, na nilipopita na majani yangu nilimsikia mke wangu akimwambia, "Mama, nenda. Ukisimama na mimi watasema ulininunua." Beldina akaondoka amefunika mdomo kwa leso.

Mara ya tatu alirudi na kikapu kimejaa, amelowa, akakiweka mlangoni. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Baba Nelvine, ungekuja tusimame wote? Wewe wangekuogopa."

Nikamjibu, "Nenda ukauze majani yako kwa hao uliowapigia kura."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa mzima.

Ng'ambo ya mto kuna kituo kingine. Kwenda huko unateremka bonde, unavuka magogo mawili ya mkaratusi. Wakati wa mvua magogo hayo huteleza kama sabuni, na wanawake wetu wana desturi yao: hawavuki peke yao. Mmoja hutangulia, mwenzake humshikia kikapu kwa nyuma mpaka wafike, na wakati wa kurudi wanabadilishana. Hata wakiwa wamegombana. Hata asiyekusalimia hukushikia kikapu pale mtoni.

Asubuhi iliyofuata Chepchirchir alichuma peke yake, akateremka kwenda huko kabla ya adhuhuri. Rodah na wenzake watatu walikuwa wakichuma kwenye mteremko juu ya mto. Walimwona akifika kwenye magogo. Walimwona akisimama, akageuka kutazama juu kwao. Hakuna aliyeshuka.

Rodah mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, baadaye. Alisema, "Shemeji, alitungoja. Tulijua anatungoja. Tukainamisha vichwa tukaendelea kuchuma."

Aliteleza katikati. Kikapu kilimvuta upande, kichwa kikapiga jiwe. Watu wa ng'ambo walimtoa majini wakampandisha barabarani, na mtu akanipigia simu. Nilikimbia kwa kaka yangu, kwa sababu yeye ndiye mwenye gari karibu. Nicholas alisikiliza. Akasema anatafuta funguo. Aliingia chumbani, akatoka, akaingia jikoni, akainua mito ya viti. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Mara nikaona umbo la funguo kwenye mfuko wa suruali yake, naye akaona kwamba nimeona.

"Ah," alisema. "Kumbe ziko hapa."

Nilipofika barabarani, Beldina alikuwa ameshasimamisha gari la maziwa, amekaa kati ya madebe, kichwa cha mke wangu mapajani mwake.

Alikaa hospitalini siku tatu. Siku ya pili mchana alifumbua macho akanitambua. Nilitaka kuomba msamaha, lakini kilichotoka kilikuwa swali. Nilikuwa bado na hasira, hata hapo.

"Kwa nini ulimpigia yule?"

Alifumba macho, nikafikiri amelala.

"Ungeniuliza nyumbani ningekuambia," alisema polepole. "Nilichoka kunyeshewa. Ni hilo tu." Akapumzika. "Ulituambia zitachomwa, Baba Nelvine. Ulisimama kwenye kreti ukatuambia."

Kesho yake alifariki.

Siku ya mazishi Nicholas alisimama kuzungumza kama mkubwa wa ukoo. Alianza kusema mambo ya umoja, kwamba ajali haina mwenyewe, kwamba tusiruhusu siasa za chai zitugawanye. Nilinyanyuka. Sikuwa nimewahi kumkata kaka yangu maneno tangu nizaliwe.

"Keti," nilimwambia.

"Seth, watu wanatazama."

"Hata yeye walimtazama. Keti."

Akaketi. Nelvine, binti yangu, alinishika mkono, lakini hakunitazama, na hadi leo anaponipigia simu huuliza habari za ng'ombe kwanza. Jeneza liliposhushwa, Rodah alipiga magoti kwenye tope akataka kuruka ndani. Wanawake wakamshika. Waliomshika kwa nyuma, kwa kitambaa, kama wanavyoshikiana vikapu mtoni, walikuwa wale wale watatu wa mteremkoni.

Baada ya matanga nilimwendea Phelix. Nilimwomba radhi, akaniletea sanduku. "Bado zimo," alisema. "Nilizikusanya siku ile mlipoondoka." Tulizichoma siku hiyo nyuma ya banda, mimi na yeye na Beldina. Zilichukua dakika chache tu kuisha. Ndicho tulichopaswa kufanya jioni ile ya Jumamosi, au tungefanya kile Phelix alichotaka siku ya Jumatatu, na makasi ningeshika mimi.

Kamati mpya ilipoitisha mkutano, nilienda na karatasi niliyoikunja. Nikawaonyesha. Namba inaandikwa kwenye kipande cha pembeni. Mkulima akifika, karani anararua kipande hicho, anakitunga kwenye uzi ili ijulikane namba hiyo imeshapiga kura. Karatasi yenyewe inaingia sandukuni ikiwa tupu nyuma. Hakuna atakayepiga mara mbili. Na siku mkitaka kuziona zote, mtaziona, zigeuzeni mtakavyo.

Mtu mmoja wa ukoo wetu akapaza sauti, "Sasa unataka kuwafichia wezi, Seth? Si ni wewe uliyesema anayeogopa ameiba?"

"Ni mimi," nikamjibu. "Nilikosea. Nilizika kosa langu, wewe ulikuwepo ukila pilau."

Hakuna aliyecheka. Pendekezo langu likapitishwa. Kipande chenyewe ni cha upana wa kidole. Upana wa kidole, ndugu zangu, ndio uliokuwa kati ya mke wangu na mto.

MAFUNZO

Kura ikishaingia sandukuni ni mali ya watu wote, na ni haki yao kuiona ikihesabiwa, hata mara ya pili na ya tatu. Anayeficha kura ana jambo. Lakini aliyeipiga si mali ya watu. Moyo wake ni wake. Mkitaka kuzifungua kura, kwanza ondoeni kila kitu kinachoweza kumtaja mtu: namba, jina, sahihi, hata alama ya kidole. Ondoeni mbele ya pande zote mbili, na msimwite mwizi anayewaambia mngoje siku moja. Asiyeweza kungoja siku moja, kama mimi, hatafuti haki. Anatafuta mtu.

Ninyi mnaopitisha kibuyu kabla ya uchaguzi, acheni. Maziwa ni ya kumkaribisha mgeni na kumbariki mtoto. Mkiyafanya kamba ya kufungia watu, mnawafundisha watu kunywa na kudanganya, kisha mnawaadhibu kwa uongo mliowalazimisha. Nanyi waume, mke mwenye kura yake hajakuasi. Ukitaka kujua sababu yake, muulize mezani, kwa sauti ya chini. Anaweza kukujibu neno dogo tu, kwamba amechoka kunyeshewa.

Lipo jambo moja ambalo liko mikononi mwenu leo. Karatasi tulizichoma, lakini ile picha haijachomwa. Iko kwenye simu zenu, nami naijua ilivyo, kalamu ya bluu, alama iliyoandikwa bila kutetemeka. Ifuteni. Mtu asiitumie tena kwa utani, wala kwa kunionea huruma.

Kesho ni siku ya kupima. Karani ataita mia mbili kumi na nne, nami ninayechuma miche yake nitaitikia kutoka mwisho wa foleni, kwa kuwa ndipo mlipomzoesha kusimama. Mvua ikinyesha haitanifikia. Siku hizi paa la Beldina linafika hadi pale.